Baridi ya Kuazima

Julai hii Turi imeamka na meno yake yote.
Bomba limekaza koo, maji hayashuki,
na nyasi za stesheni zinavunjika chini ya buti
kama biskuti.
Treni haisimami hapa tena. Nimebaki mimi,
karani mstaafu, na sanduku la lebo za mizigo
zilizokosa mizigo.

Nazifunga kwenye mikebe.

Mkebe wa kwanza: *Kwa Mzungu, chini ya mtarakwa.*
Nyumba ilikwisha kubebwa, ubao kwa ubao,
lakini kitunguu hakikuambiwa kwamba wenyewe wameondoka.
Kilichomoza, kikainamisha kichwa cheupe
kama mtoto aliyeulizwa nani kavunja kikombe.
Nilipiga magoti nikitazame usoni.
Ndani, ukingoni mwa petali, kitone cha kijani,
kidogo kuliko alama ya kalamu yangu
enzi za kuhesabu magunia ya pareto.

Nikakiita kengele-sakitu, kwa kukosa jina.
Tangu hapo sijapona.

Kutoka kwa muuguzi wa Elburgon: vitone viwili.
Kutoka kwa mchimba makaburi, Londiani:
kitone kilichopasuka kama kwato ya mbuzi.
Kutoka Njoro, kwa shilingi mia sita
(na wiki ile niliisukuma kweli, kwa sukuma tupu),
manjano badala ya kijani, ndivyo alivyoapa muuzaji.
Kikachanua kijani.
Lebo yake nimeandika: *Mwongo.*
Huyu nampenda kuliko wote.

Watu huuliza, vinaliwa na ugali?
Haviliwi. Vina sumu.
Vinauzwa?
Havina mnunuzi.
Sasa vinafanya nini?
Vinatofautiana, nasema,
nao wanaangaliana.

Bila baridi kitunguu hiki ni jiwe.
Hakikumbuki njia mpaka kilale kwenye ubaridi.
Kwa hiyo Machi, jua likiwa limekalia mabati,
nilimwomba Sigei wa buchani nafasi katika friji yake.
Wiki nane, kati ya matumbo na soda,
mikebe kumi na miwili ikajifunza kusinzia.
Malipo: nimwandikie daftari la madeni.
Sasa najua ni nani hapa Turi
hula nyama ya ahadi.

Julai nikaipanga nje, ukutani, usiku,
na niliomba, Mungu anisamehe,
niliomba sakitu.

Ikaja.

Alfajiri shamba la Kemunto, ng'ambo ya ua wangu,
lilikuwa jeusi. Ekari moja na nusu ya viazi,
majani yamelala kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi.
Na kwangu, mkebe wa saba,
uliokataa miaka mitatu,
ulikuwa umefungua.

Nikaufunika kwa ndoo.
Nikavuka na jembe, nisiseme kitu.
Tulichimbua viazi ukubwa wa gololi hadi saa nne,
kisha akaja kwangu kunawa mikono,
akaitafuta ndoo,
akaiinua.

Sikujua pa kuuweka uso.
Kemunto alichuchumaa, tope hadi magotini,
akatia kidole chini ya ua lile, akaliinua kidevu.
Akalitazama muda wa kuchemsha chai.
"Kumbe hii baridi ina mtoto," akasema.
Hakucheka.
Hakunisamehe pia; hakujua la kusamehe.

Jioni akaleta bakuli la gololi zake, zimechemshwa, na chumvi.
Tulikula kwa maganda.
Alipoondoka nikachukua lebo, nikailowesha penseli ulimini:
*Nambari 7. Kitone kimoja, kimeegemea kushoto.
Usiku wa sakitu.
Mpokeaji: Kemunto.*

Pale penye *Mtumaji*
bado sijajaza.